Mombasa hadi Muscat si masaa matano, acheni kutudanganya

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe, kabla hamjanikimbilia kwenye komenti.

Mwaka 2022 nilitoa vidio ya sekunde arubaini. Nimesimama nje ya Fort Jesus, bahari nyuma yangu, nimevaa kikoi na miwani ya jua kama mtu wa maana, nikasema: "Wanangu, mwajua kutoka Mombasa hadi Muscat ni masaa matano tu? Yani ni kama SGR ya kwenda Nairobi!" Vidio ikakimbia. Ndo ilikuwa ya kwanza yangu kutazamwa na watu nisiowajua. Mamangu, aliyekuwa akifanya kazi za nyumba huko huko Muscat, aliwatumia marafiki zake wote. "Muoneni mwanangu," aliwaambia.

Ile vidio niliifuta. Leo nasema kwa nini, na nasema kwa sababu bado naona wenzangu wanatoa zile zile. Mombasa hadi Dubai, masaa kadhaa. Mombasa hadi Doha, masaa kadhaa. Muziki chini, ramani juu, mstari mwekundu unaruka bahari kama panzi. Na chini yake watu wanaandika, "Kumbe ni karibu hivyo!"

Si karibu hivyo. Tulizeni roho niwaeleze.

Kwanza, hiyo namba inatoka wapi? Haitoki kwa rubani. Haitoki kwa mtu aliyesafiri. Ni hesabu. Aliyefika Fomu Foo anaikumbuka, ile mada ya latitudo na longitudo tuliyokuwa tukiikimbia. Unachukua Mombasa, nyuzi 4 kusini ya ikweta. Unachukua Muscat, nyuzi 23 na nusu kaskazini. Unapima mstari mfupi kabisa juu ya mgongo wa dunia, unapata kama kilomita 3,700. Kisha mtandao unagawa kwa mwendo wa ndege, tuseme kilomita 800 kwa saa, unaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jibu: masaa matano na ushei. Basi. Huo mtandao haujaangalia kama kuna ndege inayopita njia hiyo. Haujaangalia tiketi. Haujui kama una pasi mfukoni. Ungeuliza umbali wa kutoka kitandani kwako hadi mwezini, nao ungekujibu vile vile.

(Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unatufundisha jografia?" Ndio, niliacha. Karo iliniacha kabla mimi sijaiacha. Lakini kugawa sijasahau.)

Sasa nikupe hesabu nyingine, ambayo hakuna mtandao utakayokuonyesha.

Bibi yangu, mamake mama, alifariki Alhamisi alfajiri, nyumbani kwetu Kibokoni. Ilikuwa yapata saa kumi na moja. Mimi ndo niliyepiga simu Muscat, na kule ilikuwa saa kumi na mbili. Mama hakupiga kelele. Alinyamaza, kisha akaniuliza neno moja: "Mtamuosha saa ngapi?"

Wasiojua niwaeleze. Kwetu Waislamu maiti halazwi. Akifariki alfajiri, mara nyingi adhuhuri au alasiri ashazikwa. Wanaume ndo wanaobeba jeneza kwenda Kikowani. Mwanamke haki yake kubwa ya mwisho kwa mamake ni kumuosha, kumvisha sanda na kumuangalia uso kabla haujafunikwa. Mama hakuwa akiniuliza kuhusu mazishi. Alikuwa akiuliza kama atawahi kumuosha mamake.

Nikamwambia wazee wanasema adhuhuri. Akanijibu, na haya maneno nayakumbuka kama yalivyo: "Waambie wanisubiri hadi alasiri. Si ulisema mwenyewe ni masaa matano? Nikitoka huku saa mbili ya huko kwenu, saa saba niko hapo."

Si ulisema mwenyewe.

Nikaenda kwa mjomba. Mjomba akaenda kwa imamu. Wakakubali kusubiri hadi alasiri, kwa heshima ya mtoto aliye mbali. Khalati zangu wakatandika mkeka, maji yakachemshwa, yakapoa, yakachemshwa tena.

Sasa tuhesabu. Pasi ya mama haikuwa mikononi mwake, ilikuwa kwa mwajiri, na mwajiri alikuwa amelala. Aliipata saa sita mchana ya huku kwetu. Masaa saba yashakwenda, na mama hajatoka hata mlangoni. Wakati huo sisi tulikuwa tunakusanya nauli kwa M-Pesa, elfu mbili huku, mia tano kule, manake tiketi ya leo kwa leo bei yake si ile ya kununua mwezi mmoja kabla. Kwa pesa tulizopata, ndege ya kwanza yenye kiti ilikuwa saa mbili usiku, na haikuwa ikija Mombasa. Ilikwenda mji mwingine wa Ghuba. Pale akakaa masaa manne kwenye kiti cha chuma. Akapanda ya kwenda Nairobi. Akafika Nairobi saa kumi na mbili asubuhi ya Ijumaa. Hapo yuko Kenya, lakini kutoka hapo hadi kwetu ni kama kilomita 420 nyingine za angani. Akangoja ndege ya Mombasa hadi saa sita mchana.

Alitua saa saba.

Aliniambia saa saba, na kweli akaja saa saba. Ila ya siku ya pili.

Bibi tulimzika Alhamisi baada ya alasiri. Khalati ndo waliomuosha. Tangu simu yangu hadi mama kushuka kwenye ile ndege ni masaa 32. Angani peke yake, kutoka kupaa Muscat hadi kutua Mombasa, ni masaa 17. Na mtandao bado unasema matano. Niliangalia tena jana usiku. Matano.

Kuna watakaosema, "Pole, bro, lakini hiyo ni bahati mbaya yako." La. Bahati mbaya ni mvua kunyesha siku ya harusi. Hii ni mipango ya watu, na nitawaonyesha.

Angalia ramani tena. Frankfurt hadi Mombasa ni kama kilomita 6,700. Karibu mara mbili ya Muscat. Lakini kwa miaka na miaka Mjerumani anapanda ndege Frankfurt jioni, analala, anaamka anatua hapa kwetu Port Reitz, adhuhuri yuko Diani miguu mchangani. Moja kwa moja. Uwanja ni ule ule. Barabara ya ndege ni ile ile, yenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu, inayopokea ndege kubwa. Kwa hivyo tusiambiane Mombasa haiwezi. Mombasa inaweza vizuri sana, inategemea ni nani anayekuja na anakuja kufanya nini. Aliyekuja kuota jua ana njia fupi. Aliyekuja kumzika mamake anazungushwa.

Na angalia Zanzibar. Kutoka Mombasa hadi Unguja ni kama kilomita 245, yani hata nusu ya njia ya kwenda Nairobi na kurudi haifiki. Pemba ndo usiseme: ncha yake ya kaskazini iko kama kilomita 90 kutoka hapa kisiwani, karibu kuliko Malindi. Lakini wangapi wetu tumewahi kuambiwa na wakala wa tiketi, "Utapitia Nairobi"? Unatoka baharini, unapanda bara, unashuka tena baharini. Kilomita elfu moja na zaidi ili ufike mahali pa kilomita 245. Ni kama mtu akutume dukani Kuze, nawe upitie Voi.

Kisha Julai 2025 Jambojet wakaanza kuruka Mombasa hadi Zanzibar moja kwa moja. Kabla yao, Januari 2024, flydubai walianza kuja Mombasa kutoka Dubai moja kwa moja. Nawashukuru, sina ugomvi. Lakini hebu jiulize: bahari ilipungua? Unguja ilisogezwa? Kilomita ni zile zile za tangu Mungu aumbe. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikaa mezani akaweka sahihi. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Umbali tunaoishi nao si wa ramani. Ni wa mezani. Na kile kinachoamuliwa mezani kinaweza kudaiwa.

Nani anakaa kwenye hiyo meza? Sheria ni ya zamani, Mkataba wa Chicago wa 1944. Kila nchi ina mamlaka juu ya anga lake, na ndege ya ratiba kutoka nje haiji bila ruhusa ya serikali. Kwa hivyo nchi mbili zinakubaliana: ndege zenu zitue wapi, mara ngapi kwa wiki. Na kwetu Kenya, kwa miaka mingi, wenye mahoteli na viongozi wa Pwani wamekuwa wakilia, fungueni anga la Mombasa. Jibu linalotoka upande wa pili ni kwamba Nairobi lazima ilindwe, manake ndege zikikusanyika mahali pamoja, shirika la taifa linajaza viti vyake na nchi inapata kitovu.

Hoja hiyo naielewa, na si ya kipumbavu. Shirika lisipojaza viti linakufa, na kazi za watu zinakufa nalo. Lakini mbona gharama ya kujaza viti vya Nairobi ilipwe na huyu wa Mombasa peke yake, tena kwa masaa yake? Kama ni mzigo wa taifa, ubebwe na taifa.

Mwingine atasema, "Hakuna soko. Wangekuwepo abiria wa Mombasa–Muscat, ndege ingekuja." Haya, twende pamoja. Mtu wa Mombasa anayepitia Nairobi kwa sababu hana njia nyingine, huyo ameichagua Nairobi? Ukifunga mlango wa mbele, watu wote watatokea mlango wa jikoni. Usije ukasimama jikoni ukasema, "Mwaona, wanapenda mlango huu." Kaeni Mji wa Kale siku moja. Piteni kutoka Ndia Kuu hadi Mlango wa Papa, muulize nyumba kwa nyumba nani hana mtu Oman, Dubai, Doha, Jeddah. Kisha mniambie hakuna soko.

Na tusisahau tunazungumzia njia gani. Hii njia si ngeni. Hii njia ni ya zamani kuliko hiyo Nairobi yenyewe. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na reli hiyo ilianzia hapa kwetu Mombasa. Kabla ya hapo, majahazi yalishakuwa yakija karne kwa karne. Yanashuka na kaskazi, Disemba hadi Machi, na tende na chumvi na samaki mkavu. Yanapanda na kusi, na boriti za mikoko. Waomani waliuchukua Fort Jesus kutoka kwa Wareno mwaka 1698, na hawakupitia Nairobi kuja kuuchukua.

Hebu nifanye hesabu ya jahazi pia, kwa kuwa mwasema nimeacha chuo. Kilomita 3,700 ni kama maili 2,000 za baharini. Jahazi likienda maili nne kwa saa, ni masaa 500. Wiki tatu. Ni mbali, hakuna ubishi, na sisemi turudi huko. Lakini angalia tofauti moja. Nahodha ukimuuliza safari ni siku ngapi, hakukupa namba ya mstari. Alikuangalia angani kwanza. Alikuambia: upepo ukikubali, wiki tatu, ukikataa, zaidi, na ukiukosa msimu, ngoja mwakani. Mama wa wakati ule akijua mwanawe yuko Muscat, alijua kweli yuko mbali. Hakusubiriwa na maji ya moto.

Sisi tumepewa umbali wa jahazi, tukauziwa kwa jina la ndege. Hicho ndicho kinachoniuma.

Na hapa ndo tufike kwenye jambo ambalo mashirika ya ndege hayahusiki kabisa. Hata ingekuwepo ndege ya moja kwa moja asubuhi ile, mama angeikosa. Masaa saba ya kwanza hayakupotea angani. Yalipotea kwenye droo ya mtu. Kule Ghuba kuna ule mfumo wa kafala: kibali chako cha kukaa kimefungwa kwa mwajiri wako. Yeye ndiye aliyekuleta, na kwa mfanyakazi wa ndani hata kwenda kumzika mamako kunaanza na kugonga mlango wake. Wako wajiri wazuri, wanaotoa pasi na nauli na machozi juu yake. Lakini haki inayotegemea mtu kuwa mzuri si haki, ni bahati.

Mawakala wa kazi nao wanaijua ile namba yetu. Nimewasikia kwa masikio yangu, wamekaa na akina mama kwenye baraza, kahawa tungu mkononi: "Ni hapo tu, masaa matano, ukitaka kurudi unarudi." Hiyo namba yetu tunayoichezea kwenye vidio kupata watazamaji, kwao ni chambo. Mimi nimeisaidia hiyo chambo. Mamangu alishakwenda kabla ya vidio yangu, lakini sijui ni mama wa nani aliyeitazama akaamua.

Kwa hivyo nasema hivi.

Wenzangu mnaotengeneza vidio: acheni namba ya mstari. Ukitaka kutaja Mombasa hadi mji wowote, taja mlango hadi mlango. Tafuta tiketi ya kesho kwa kesho, andika inapitia wapi, inangoja masaa mangapi, bei ngapi. Vidio itakuwa ndefu kidogo. Sawa.

Wewe ambaye mamako, dadako au khalati yako anataka kuweka sahihi mkataba: kaa naye kabla hajasaini, uulize wakala maswali matatu. Pasi itakaa kwa nani? Kukiwa na msiba nyumbani, ruhusa anatoa nani na kwa muda gani? Nauli ya dharura analipa nani, na imeandikwa wapi? Akikujibu "usijali", hilo si jibu. Mwambie aandike.

Na wanasiasa wetu wa Pwani, mnaokuja kwenye matanga na bahasha: bahasha tunashukuru, lakini hatukuwachagua mtuzike vizuri. Mkiwa huko Nairobi, kwenye hiyo meza, iulizeni hiyo anga ya Mombasa. Ulizeni ni ombi la nani lililokaa kwenye faili na kwa nini. Mje mtuambie majibu hapa hapa, Makadara, mbele ya watu.

Mama sasa yuko nyumbani. Hakurudi Muscat. Anauza mahamri na mbaazi asubuhi pale mlangoni, na hesabu ya nyumba imekuwa nyembamba, siwafichi. Hajawahi kunilaumu kwa ile vidio. Wiki ya kwanza tulipokuwa tumekaa ukumbini, aliniuliza tu, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Ile namba uliitoa wapi, mwanangu?"

Nikamwambia, "Mtandaoni, mama."

Akasema, "Ah," akaendelea kuchambua mbaazi.

Ndo nikaifuta usiku ule ule.

Sasa zamu yenu. Mwenye mtu wake Ghuba, au aliyewahi kurudi haraka kwa msiba, niandikie hapo chini: ulitoka mlango gani, ukafika mlango gani, masaa mangapi. Usiniambie angani. Niambie tangu simu ilipolia hadi ulipovua viatu nyumbani kwenu. Nitazikusanya zote niziweke mahali pamoja, ili mtu akija kutafuta "Mombasa hadi Muscat", akute na hesabu yetu pia.

Naanza mimi. Masaa 32.